Nguzo Yetu Iko Wazi

Funafuti, Jumatatu, 1 Desemba

Leo imetimia miaka thelathini na minne na miezi miwili tangu nishuke melini hapa Funafuti, mji mkuu wa visiwa vyetu, na sanduku la vitabu na mkeka alionisukia mama. Nilidhani nitakaa mpaka hasira za wazee zipoe. Kisiwa chetu kiko kaskazini, mwendo wa siku moja na nusu kwa meli ya serikali, na tangu siku hiyo sijakanyaga mchanga wake.

Naanza daftari kwa sababu upepo umegeukia magharibi, na kwa sababu redio imetangaza asubuhi kwamba uchaguzi wa Bunge utakuwa tarehe 21 Januari. Kila msimu wa uchaguzi huwa nazungumza sana. Maina, mke wangu, amechoka.

“Hadithi ya kura kumi na moja niliisikia kabla hujanioa,” alisema. “Safari hii iandike, mwalimu. Karatasi haina masikio ya kuuma.”

Basi naiandika mara moja tu. Kwetu wazee hukutana katika maneapa, nyumba kubwa isiyo na kuta, kila mmoja akiegemea nguzo ya ukoo wake. Nguzo ni kumi na nne. Anayeegemea nguzo ndiye mdomo wa ukoo. Wanaume wengine hukaa nyuma yake, wanawake nyuma zaidi, na hakuna kati yao anayesema. Mwaka ule wazee walichagua majina mawili kwa viti vyetu viwili, wakataka yapite bila kupingwa ili kisiwa kisigawanyike. Mimi, mwalimu wa miaka arobaini na miwili niliyedhani kwamba kusoma ni sawa na kuwa na haki, nikachukua fomu. Kura ikalazimika kupigwa. Nikapata kumi na moja.

Wazee hawakunichukia sana mimi. Walitaka kuwajua wale wengine kumi. Waliniita mara tatu niwataje. Sikuwajua. Mara ya nne waliwauliza wenye nguzo mmoja mmoja kama niondoke. Ilipofika zamu yetu, kaka yangu Lotoala alisema maneno mawili ya kawaida: “Ukoo umesikia.” Hiyo ni kukubali. Hakunitazama.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Tangi limejaa na linamwagika.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimewaza siku nzima juu ya mashimo yetu ya pulaka, magimbi makubwa ya topeni. Hapa mjini wali ni wa mchele wa gunia, na pulaka ikija hutoka kwenye friza. Kwetu unashuka shimoni mpaka tope linafika magotini, na juu yako majani ni makubwa kuliko mlango. Hata jua la saa sita huko chini ni la kijani. Mama alikuwa akizungushia kila mmea mbolea ya majani ndani ya kikapu, akiusemesha kwa jina lake. Mmea mmoja aliuita Mchungaji, kwa sababu ulinenepa bila kufanya kazi.

Lotoala alifariki mwezi wa nne. Sikwenda mazishini. Mashimo sasa yanatunzwa na Saloa, binti yake wa pekee, na mimi ndiye mwanamume wa mwisho wa ukoo. Nguzo yetu haina mtu.

Jumatatu, 8 Desemba

Saloa amepiga simu. Ni muuguzi wa zahanati ya kisiwa, ana miaka arobaini na mmoja. Nilipoondoka alikuwa na saba, akilia kwa sababu nilikuwa nimeahidi kumfundisha kugawanya.

“Baba mdogo, umekaa au umesimama?”

“Nimekaa. Nani amekufa?”

“Hajafa mtu. Nimechukua fomu.”

Akasema wazee wameshataja majina yao mawili, tangu mwezi wa kumi, na wote wawili ni watu wazuri. Mmoja hata ni mgonjwa wake. “Lakini kwa miaka kumi na sita nimewapandisha wajawazito kwenye meli ile wakiwa wamelala juu ya magunia ya unga. Hao wawili wazuri hawajawahi kulisema hilo Bungeni.”

“Unajua nilipata ngapi?”

“Kumi na moja. Kisiwa kizima kinajua. Mimi nitapata zaidi, nimewazalisha wengi wao.”

Ijumaa, 12 Desemba

Redio imesoma majina ya wagombea, kisiwa kwa kisiwa. Kwetu ni matatu kwa viti viwili. Wa tatu ni Saloa Lotoala. Nilikuwa nimeacha kisu katikati ya shelisheli, na Maina akamalizia kulimenya.

Jumanne, 16 Desemba

Meli imefika kutoka kaskazini na imemleta Penitala.

Jumatano, 17 Desemba

Penitala na mimi tulizaliwa mwezi mmoja. Tulisoma dawati moja. Yeye ndiye aliyetia sahihi ya kwanza kwenye fomu yangu mwaka ule, na wazee walipomkaripia akaifuta, nikalazimika kutafuta mtu mwingine. Sikumlaumu. Siku zote nimemhesabu wa kwanza katika wale kumi: mkono uliofuta sahihi hadharani, nilijiambia, hauwezi kukosa kuniwekea alama sirini.

Amekuja na kapu la samaki warukao waliokaushwa, na suruali ya kanisani. Nikajua ametumwa. Tulikaa barazani, pikipiki zikipita, na kwanza tukazungumza juu ya magoti yetu. Maina akaleta chai.

“Nguzo yenu iko wazi,” alisema mwishowe. “Ni miezi minane sasa. Haipendezi. Mvua inaingia upande ule na hakuna mgongo wa kuizuia.”

“Wamekutuma?”

“Wamenituma. Wanasema yaliyopita yamepita. Uje na nguruwe mmoja na mikeka, uombe radhi mbele ya watu, ukae. Na ukifa, utazikwa kando ya mama yako. Wamelitaja hilo la mama yako, mimi sikuwaambia.”

Nikatazama uwanja wa ndege uliokuwa mtupu ng’ambo ya barabara, kwa kuwa sikutaka anione uso. Kaburi la mama liko upande wa bahari kuu, limezungushiwa mawe meupe ambayo Lotoala na mimi tuliyabeba kutoka ufukweni kwa toroli la shule. Kwa kila toroli yeye alikuwa akisukuma na mimi nikihesabu mawe, hata akaniuliza kama nahesabu kwa ajili ya mtihani.

“Na Saloa?” niliuliza.

Penitala akanywa chai. “Ukikaa, utaulizwa. Unajua desturi. Mwenye nguzo akiulizwa mara tatu lazima ajibu. Wataomba ukoo umtoe mtoto wake kwenye karatasi. Neno la ukoo likitoka, msimamizi wa uchaguzi analipokea, ndivyo ilivyo kwetu, hakuna aliyewahi kulikataa. Mwisho wa kujitoa ni tarehe tisa. Meli inarudi tarehe tatu. Ndiyo maana nimevaa suruali hii.”

“Kwa nini wasimwambie mwenyewe ajitoe?”

“Wamemwambia. Amewapima shinikizo la damu, akawaambia wapunguze chumvi.”

Tukacheka, vizee wawili. Kisha nikamwambia neno nililotaka kumwambia kwa miaka thelathini na minne, kwamba namshukuru kwa ile kura.

“Kura gani?”

“Yako. Ulikuwa mmoja wa wale kumi.”

Akaweka kikombe chini. “Apinelu, sikukupigia. Niliogopa. Niliingia ndani ya lile pazia, nikaona jina lako, nikahisi babu yangu ananitazama kwenye paa. Nikaweka alama kwa wale wawili.”

Watu wa kwetu wanaopita hapa mjini wameniambia kwa minong’ono, mmoja mmoja, kwamba walikuwa katika wale kumi. Nimewaandika. Wamefika ishirini na saba. Penitala ni mtu wa kwanza katika maisha yangu kuniambia hakuwamo, na nilipomtazama akipangusa midomo nikampenda kuliko ishirini na saba wote.

“Basi kaa ule samaki,” nikamwambia.

“Samaki ni wako. Nimeleta mwenyewe.”

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Tumekula sana. Ngoma ya kasha ilipigwa mpaka kasha likavunjika, wakaleta jingine.

Jumapili, 28 Desemba

Nitakwenda. Nimemwambia Maina leo baada ya kanisa. Yeye ni wa hapa Funafuti, ardhi tunayokaa ni ya ukoo wake, na kwa miaka yote hii ndugu zake hawajawahi kunikumbusha. Alisikiliza akifunga nywele.

“Utaomba radhi kwa kosa gani?” aliuliza.

“Watanitajia.”

“Na mtoto?”

Nikasema nitakaa kwenye nguzo na nitanyamaza. Akasema mtu wa kunyamaza ndani ya nyumba yake hajamwona bado.

Hata hivyo amenipangia mikeka mitatu, mmoja ni ule wa mama. Binamu yake ametupa nguruwe dume mweupe, mkorofi, ambaye tumemfunga mguu kwenye mshelisheli. Mchana kutwa nimekuwa kijana. Nimekumbuka kengele ya kanisa letu, ambayo ni mtungi mkuukuu wa gesi ulioning’inizwa kwa mnyororo, na namna sauti yake inavyofika mashimoni kabla ya kufika pwani. Nimekumbuka mawe madogo ya njia yetu chini ya nyayo asubuhi, baridi, na harufu ya tembo tamu la mnazi likichemshwa kuwa asali. Nimekumbuka kwamba katika maneapa, nyuma ya nguzo yetu, kuna ubao wa sakafu uliolegea, na watoto wa ukoo wetu tulikuwa tukiuchezesha kwa kidole cha mguu wakati wa sala ndefu. Huenda umeshatengenezwa. Natumaini haujatengenezwa.

Jumanne, 30 Desemba

Saloa amepiga tena. Nilimweleza kwamba nakuja, nikamtajia masharti niliyopewa.

“Njoo, baba mdogo,” alisema. “Njoo upige kura. Ukikalishwa kwenye nguzo, wewe waambie ukoo uko nami. Baada ya hapo wafanye watakalo.”

“Nikisema hivyo, watakalofanya watakufanyia wewe, na shangazi zako, na kila mwenye damu yetu. Mimi sikuwa na nguzo, nilikuwa mtu mmoja, wakanitoa mtu mmoja. Mwenye nguzo akiwapinga, ukoo mzima umepinga. Hakuna mgao wa samaki. Hakuna atakayewasaidia kuezeka.”

“Zahanati je? Nani atawadunga sindano?”

“Wataugua kwa heshima.”

Alicheka, lakini kidogo. Nikamuuliza kama anataka nikubali kumtoa, maana nilitaka kusikia sauti yake akilikataa. Alisema, “Baba alikuwa akilitaja jina lako kila alipopanda kwenye paa la nyumba kurekebisha makuti. Akisema wewe ndiye uliyekuwa mwepesi.”

Sikulijua hilo. Miaka yote hiyo Lotoala aliniandikia barua mbili, zote mbili juu ya mipaka ya minazi.

Alhamisi, 1 Januari

Upepo mkali. Mawimbi yanapiga upande wa nje mpaka chumvi inaonekana kwenye vioo. Nimewaza neno moja mchana kutwa.

Jumamosi, 3 Januari

Gatini kulikuwa na watu kama siku ya harusi. Kila uchaguzi ni hivyohivyo: nusu ya mji wanarudi visiwani kwao kupiga kura, na mikeka yao, na majokofu yao, na kuku. Nguruwe wetu alipandishwa mapema na winchi, ndani ya wavu, akipiga kelele zilizowafurahisha wote.

Penitala alikuwa ameshanipatia nafasi kivulini, upande usiopigwa na mawimbi. Nilipanda ngazi hatua nne. Chini yangu Maina ameshika mikeka. Nikasimama pale na watu nyuma yangu wakaanza kuguna, na ndipo lile neno nililokuwa nikilizunguka tangu juzi likaniingia lote.

Kwa miaka thelathini na minne nimemfikiria Lotoala kama mtu aliyekuwa na mdomo akaufunga. Sikuwahi kujiuliza alikuwa amekaa wapi. Alikuwa ameegemea nguzo. Walimuuliza mara tatu, na mtu wa nguzo hana mdomo wake mwenyewe. Ana wa wajane, na wa watoto, na wa wale ambao hawajazaliwa. Kama angekuwa amekaa nyuma, pale penye ubao uliolegea, pengine angepiga kelele. Na mimi, niliyejiapiza kwamba nisingefanya kama yeye, nikikalishwa pale kabla ya tarehe tisa nitasema maneno yaleyale mawili. Nitayasema kwa kumwonea huruma Saloa, na nitayasema kwa sababu kaburi la mama litakuwa linaonekana kutoka pale nilipokaa.

Lakini nguzo ikiwa wazi, ukoo haujasema kitu. Hawana wa kumuuliza. Desturi yao wenyewe inawafunga: jina la mtoto haliwezi kutolewa na ukoo usio na mdomo, na ukoo usio na mdomo hauwezi kuhukumiwa kwamba umepinga.

Nikashuka hatua nne. Penitala akanifuata mpaka chini.

“Umesahau kitu?”

“Sisafiri.”

“Apinelu, usinifanyie hivi. Nitawaambia nini?”

“Waambie nguzo yetu iko wazi.”

Alinitazama. Yeye si mwepesi wa kusoma vitabu lakini maneapa anaijua kuliko mimi. Niliona anahesabu: tarehe tatu, tarehe tisa, nguzo, mdomo.

“Kwa hiyo hakuna wa kumtoa,” alisema polepole.

“Hakuna.”

“Wazee watasema hukuja kwa kiburi.”

“Waache waseme. Wana mazoea.”

Akapangusa uso. “Na nguruwe? Ameshapanda.”

“Mwache aende. Yeye hana ukoo.”

Penitala akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika, na kwa muda sikujua kama anacheka. Kisha akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, kama tunavyofanya msibani, akapanda. Hakupunga. Mimi na Maina tulirudi kwa pikipiki, mikeka mitatu katikati yetu.

“Ule wa mama yako ungeloa tu,” alisema Maina.

Ijumaa, 9 Januari

Muda wa kujitoa umekwisha saa kumi jioni. Majina ni matatu.

Jumanne, 13 Januari

Maji ya bamvua. Yamechipuka ardhini kama kila mwaka, katikati ya uwanja wa ndege na jikoni kwetu, bila wimbi, bila sauti. Maina ameinua gunia la mchele juu ya kiti na mimi vitabu juu ya kitanda. Huko kwetu, anasema Saloa, chumvi imeingia shimo moja la pulaka. Sikuuliza ni lipi.

Jumatano, 21 Januari

Wanapiga kura. Jina langu liko kwenye daftari la kisiwani, kwa hiyo hapa mimi ni mtazamaji. Nilitembea mpaka shule ya msingi, nikasimama kivulini kuwaangalia watu wa Funafuti kwenye foleni na miavuli yao. Mzee mmoja alitoka akauliza kwa sauti kama kuna chai. Ile kura moja niliyokuwa nayo, ambayo Saloa aliiomba, sikumpa. Nilijua hilo tangu ngazini. Lakini kulijua siku hiyo na kusimama nalo leo ni mambo mawili.

Alhamisi, 22 Januari

Asubuhi, baada ya sala na taarifa ya hali ya hewa. Jirani zetu wa kutoka kisiwani kwetu wamejaa barazani, na wanne kati yao ni wa wale ishirini na saba. Mtangazaji alikuwa na mafua. Alianza na visiwa vya kusini. Tulipofika sisi akapiga chafya, akaomba radhi, akasoma: mia mbili na kumi na nne, mia moja na hamsini na tisa, mia moja na hamsini na tano.

Ile ya pili ni ya Saloa. Kura nne zaidi ya wa tatu.

Mwanamke mmoja alivua shada la maua kichwani mwake akaliweka juu ya redio. Maina alikwenda jikoni, na nikamsikia akipanga sufuria zilizokuwa zimeshapangwa.

Alhamisi, 5 Februari

Saloa amekuja, pamoja na wabunge wengine wa visiwa vya kaskazini. Watamchagua waziri mkuu, na tayari wawili wanaokitaka cheo hicho wamewaalika chakula cha mchana saa ileile. Gatini nilimtambua kwa mwendo: miguu ya Lotoala, visigino vikitangulia. Nilipiga hatua za haraka ambazo daktari amenikataza.

Alikula kwetu. Amejaa habari. Mama mmoja mzee, kipofu, aliingia kupiga kura na kumwambia msimamizi kwa sauti ya kusikika pwani, “Niwekee pale kwa muuguzi, na yule mwingine chagua mwenyewe.” Yule aliyeshindwa alikuja zahanati siku ya pili kupimwa, kama kawaida yake.

Kisha alifuta mikono. “Baba mdogo, wazee wamenituma. Wanasema uje. Safari hii hakuna sharti. Hata nguruwe hawataki, yule wa kwanza amewatosha.”

“Na nguzo?”

“Nguzo ni yako. Hilo ndilo walilolisema kwanza.”

Maina aliacha kukusanya sahani.

Nikamwambia bahari ya msimu huu haifai magoti yangu.

“Magoti yako hayana neno. Umekuja gatini mbio, nimekuona toka juu.” Ana macho ya watu waliozoea kungoja mgonjwa aseme mwenyewe. “Unafikiri wataniuliza kupitia kwako.”

“Kila mswada. Kila safari. Watakualika maneapa, ukae nyuma, nami niulizwe mbele. Mimi si mtu mbaya, Saloa. Baba yako pia hakuwa mtu mbaya.”

“Muhula ni miaka minne,” alisema.

“Au minane, ukifanya kazi vizuri.”

“Utakuwa na themanini na nne.”

“Nilikuwa nafundisha hesabu.”

Hakunibembeleza. Kwetu mtu mzima habembelezwi mara mbili. Alimsaidia Maina na sahani, akaniachia kifurushi cha tembo lililochemshwa likawa asali nzito, kimefungwa kwa jani na plastiki mbili, kisha gari la wabunge likaja kumchukua.

Upepo umepungua. Bado nakijua kisiwa kile jiwe kwa jiwe, na ningeweza kwenda macho yakiwa yamefumbwa kutoka gati la mashua mpaka mlango wa mama. Lakini mtoto wetu anasema kwa mdomo wake mwenyewe, na anaweza kufanya hivyo kwa sababu hakuna aliyeegemea pale. Nimemwambia Maina awaombe ndugu zake mahali pa kaburi, upande wa ndani, mbali na bahari kuu, pasipofikwa na maji. Kisiwani kwetu sitarudi.